Maswali ya Wasomaji: Utamu wa Mzazi Mmoja, Ustahimilivu wa Mwingine

Katika toleo lililopita safu hii ilieleza kwa ufupi jinsi mimea inavyorithi sifa kutoka kwa wazazi wake, na maswali mengi yaliyoletwa baada ya hapo yalihusu mmea mmoja tu, yaani muwa. Nimefurahi kuyasoma, kwa sababu ni mmea ambao haujaacha kunistaajabisha. Maswali yaliyofanana nimeyaunganisha, na yale yanayohitaji maelezo marefu nimeyapa nafasi bila kuyabana.

Sisi wakulima hukata vipande vya shina la muwa na kuvifukia, navyo huota. Nimeambiwa kwamba watafiti hutumia mbegu. Je, muwa una mbegu kweli? Na kama unazo, kwa nini nisizipande?

Muwa ni nyasi, ndugu mkulima, tena wa ukoo mmoja na mahindi na mtama, na kama nyasi nyingine huchanua na kuzaa mbegu. Lile shungi la rangi ya fedha ambalo huchomoza kileleni katika baadhi ya misimu ndilo suke lake, na ndani yake mna maelfu ya maua madogo. Chavua ikiwa hai na hali ya hewa ikiruhusu, baadhi ya maua hayo hufunga mbegu isiyofika hata milimita 2 kwa urefu, iliyozungukwa na nywele laini ambazo upepo huzibeba. Mbegu hiyo ina akiba ndogo mno ya chakula, hupoteza uhai upesi ikiachwa mahali penye joto na unyevu, na mche wake wa kwanza ni mwembamba kama uzi. Ukiupeleka moja kwa moja shambani, magugu yataufunika kabla haujapata nguvu.

Hiyo ni sababu moja, nayo si kubwa. Sababu kubwa ni ya urithi. Unapofukia pingili, jicho lililo kwenye fundo huchipua na kuwa mmea ule ule ulioukata, wenye jeni zile zile, hata kama pingili hizo zimepita mikononi mwa vizazi vitatu vya wakulima. Lakini ukipanda mbegu 100 zilizotoka katika suke moja, utapata mimea 100 isiyofanana: mmoja mnene na mwingine mwembamba, mmoja mtamu na mwingine wa maji maji, mmoja unaougua mapema na mwingine usioguswa na ugonjwa. Ndiyo maana mkulima anayetaka shamba lililokomaa kwa pamoja hupanda pingili, na mtafiti anayetafuta kitu ambacho hakijawahi kuwapo hupanda mbegu. Kazi yote ya kuzalisha aina mpya za miwa inasimama juu ya tofauti hiyo. Mtafiti hupita katika mlango wa mbegu mara moja, humtafuta mmoja aliye bora kati ya maelfu, kisha huuachia uzazi wa pingili umhifadhi jinsi alivyo kwa miaka yote inayofuata.

Jambo hili halikujulikana kwa muda mrefu. Wakulima wa miwa wa karne ya 19 waliamini kwamba mmea huo ni tasa, na ingawa huko Barbados miche iliyoota kwa mbegu ilionekana mwaka 1858, habari zake hazikuzaa matunda wakati huo. Ni mwishoni mwa miaka ya 1880 tu ambapo watafiti, yaani Soltwedel katika kisiwa cha Java, na Harrison pamoja na Bovell huko Barbados, walithibitisha kwamba mbegu za muwa huota na kwamba miche yake inaweza kuchaguliwa. Ugunduzi huo ulikuja wakati wa dhiki. Aina moja iliyotoka Tahiti, iliyoitwa Bourbon au Otaheite, ilikuwa imeenea katika nchi nyingi za tropiki kwa kukatwa na kupandwa tena na tena, na kwa kuwa kila shina lilikuwa nakala ya jingine, ugonjwa ulioweza kuangusha shina moja uliweza kuangusha yote. Iliporomoka Mauritius katika miaka ya 1840, na katika visiwa vya Karibi miaka ya 1890.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia. Huwafundisha wanafunzi kwamba kiumbe hupokea nakala moja ya kila kromosomu kutoka kwa baba na nakala moja kutoka kwa mama. Nimesoma kwamba muwa una kromosomu zaidi ya 100. Zimepangwaje, na je, kanuni za Mendel bado zinafanya kazi?

Mwalimu, kanuni za Mendel zinafanya kazi, ila zinafanya kazi katika nyumba yenye vyumba vingi kuliko tulivyozoea, kwa hiyo nakuomba uvumilivu.

Mahindi yana kromosomu 20 (kromosomu ni nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba jeni), yaani seti mbili za kromosomu 10, na mtama vilevile. Viumbe wa namna hiyo huitwa diploidi. Muwa unaotafunwa, ambao kwa jina la kisayansi ni Saccharum officinarum, una kromosomu 80, nazo ni seti nane za kromosomu 10. Muwa huu ulitokana na kufugwa kwa ndugu yake wa mwituni, Saccharum robustum, katika kisiwa cha New Guinea maelfu ya miaka iliyopita, ambako watu walichagua mashina manene, laini na yenye maji matamu. Upande mwingine wa ukoo yupo Saccharum spontaneum, nyasi ya porini iliyotawanyika Asia na Afrika, nyembamba, ngumu, yenye sukari kidogo sana. Nyasi hiyo haina idadi moja ya kromosomu: kuna zenye 40, kuna zenye 128, na kuna nyingi katikati ya hizo. Tena seti yake ya msingi kwa kawaida ni kromosomu 8 na si 10, kwa kuwa katika historia yake kromosomu mbili za asili zilivunjika na vipande vyake kuungana na kromosomu nyingine. Viumbe wa aina hii, wenye seti nyingi, huitwa poliploidi.

Sasa, takriban miwa yote inayolimwa kwa ajili ya viwanda leo ni machotara ya hao wawili. Ukihesabu kromosomu zake utapata kati ya 100 na 130 hivi. Kiasi cha asilimia 70 hadi 80 zimetoka kwa muwa mtamu, asilimia 10 hadi 20 zimetoka kwa nyasi ya porini, na zilizobaki zimeunganika vipande vya pande zote mbili. Hazikugawanyika sawasawa pia. Kundi moja la kromosomu linaweza kuwa na nakala 12 na kundi la jirani likawa na chache zaidi, na aina mbili za miwa zilizo ndugu wa damu huenda zisiwe na idadi moja.

Hapo ndipo somo lako la darasani linapobadilika sura. Chukua jeni moja ya kinga dhidi ya ugonjwa wa kutu ya kahawia, ijulikanayo kama Bru1, iliyogunduliwa katika aina iitwayo R570 kutoka kisiwa cha Réunion. Katika R570 kuna nakala moja tu ya kinga hiyo kati ya nakala zote za mahali hapo pa kromosomu, na inatosha kuulinda mmea mzima. Ukiuchavusha mmea huo na mwingine usio na kinga, nusu ya watoto watakingwa na nusu hawatakingwa, hesabu ambayo Mendel angeitambua mara moja. Lakini sifa kama kiasi cha sukari, unene wa shina au idadi ya mashina katika kichaka hutawaliwa na jeni nyingi, na kila jeni ina nakala nane, kumi au kumi na mbili zinazotofautiana kidogo, zikijumlisha athari zao. Mzazi mwenye nakala tano nzuri kati ya kumi na mbili anaweza kumpa mtoto mmoja nakala moja, na mwingine nne, kwa bahati ya mgawanyo tu. Watoto hutawanyika kuanzia walio dhaifu kabisa hadi walio bora, na wengi wao hulundikana katikati. Husemwa kwamba maji hufuata mkondo; katika muwa mkondo upo, lakini una matawi mengi kiasi kwamba hakuna anayeweza kutaja kwa hakika ni lipi mtoto atalifuata.

Jambo jingine utakalopenda kuwaonyesha wanafunzi ni lile alilolieleza Mholanzi Gerrit Bremer katika miaka ya 1920, alipokuwa akichunguza miwa ya Java kwa hadubini. Muwa mtamu unapokuwa mama na nyasi ya porini ikawa baba, mama hatoi nusu ya kromosomu zake kama ilivyo kawaida, bali mara nyingi huzitoa zote 80, huku baba akitoa nusu yake. Kwa mfano, nyasi ya Java yenye kromosomu 112 ilitoa 56, na chotara aliyepatikana alikuwa na 136. Ukijaribu kufafanua hesabu hiyo kwa kanuni ya kugawanya kila upande kwa mbili, hutafika popote.

Kwa nini mtu ambaye tayari ana muwa mtamu auchanganye na nyasi isiyo na sukari? Si ni kuharibu?

Nilipenda swali hili kuliko mengine, kwa sababu kila anayesikia habari za muwa kwa mara ya kwanza hushtuka hapo hapo.

Waholanzi wa Java waliuita muwa mtamu muwa wa kiungwana, na kweli una tabia za aliyelelewa katika raha: mnono, mlaini, wenye sukari tele, lakini hauna ngozi ngumu ya kuvumilia maradhi, baridi wala ukame. Katika miaka ya 1880 ugonjwa uitwao sereh uliyavamia mashamba ya Java. Vichaka vilidumaa na kutoa majani mengi bila mashina, na ikalazimu kuleta pingili safi kutoka vitalu vya milimani kila msimu. Katika hali hiyo watu waliuona mmea mmoja ulioitwa Kassoer, uliomea wenyewe karibu na mashamba. Ulikuwa mwembamba na wenye sukari kidogo, ila sereh haikuugusa. Baadaye ilibainika kwamba ni mtoto wa muwa wa kiungwana uitwao Black Cheribon na glagah, nyasi ya porini ya mahali hapo. Huyo ndiye chotara wa kromosomu 136 niliyemtaja kwa mwalimu.

Mtoto wa kwanza wa namna hiyo hafai kiwandani. Kazi ya mzalishaji ni kumrudisha kwa muwa wa kiungwana, kizazi baada ya kizazi, akipunguza sehemu ya porini na kuchunga isipotee yote, na katika kila kizazi akiwachagua wale waliopata utamu wa upande mmoja bila kupoteza ukakamavu wa upande wa pili. Njia hiyo, ambayo mtafiti Jeswiet aliisimamia huko Java, iliitwa kuungwanisha. Mwaka 1921 ilimzaa muwa ulioitwa POJ 2878. Mama yake, POJ 2364, alikuwa mtoto wa Kassoer, na Kassoer alikuwa mtoto wa glagah, kwa hiyo muwa ulioitwa muwa wa ajabu wa Java ni kitukuu cha nyasi ya porini. Haukuugua sereh wala mozaiki, ugonjwa wa virusi, ulitoa sukari nyingi kuliko watangulizi wake, na kabla ya miaka ya 1920 kumalizika ulikuwa umetanda karibu mashamba yote ya miwa ya kisiwa hicho. Kutoka hapo ulisafiri duniani kote kama mzazi, na ni vigumu leo kukuta muwa wa kiwanda usio na damu yake au ya ndugu zake. Huko Louisiana, ambako mozaiki ilikuwa imeangusha mavuno katikati ya miaka ya 1920, aina nyingine za Java ndizo zilizowarudisha wakulima shambani.

Wakati huo huo India ilikuwa ikipita njia yake. Kituo cha kuzalisha miwa kilianzishwa Coimbatore mwaka 1912 chini ya Charles Barber, akisaidiwa na T. S. Venkatraman aliyekiongoza baadaye. Tatizo lao lilikuwa baridi na ukame wa kaskazini mwa India, ambako muwa mnene wa tropiki haukustawi. Walimchavusha muwa wa kiungwana uitwao Vellai kwa chavua ya nyasi ya porini ya Coimbatore, wakampata Co 205, aliyetolewa kwa wakulima mwaka 1918. Baadaye waliunganisha damu ya pande tatu, yaani muwa wa kiungwana, nyasi ya porini na miwa myembamba ya asili ya India, ambayo yenyewe ni machotara ya kale yaliyojitokeza bila mkono wa mtafiti.

Kwa hiyo si kuharibu, msomaji wangu. Sukari ilitoka upande mmoja, na uwezo wa muwa kuchipua tena baada ya kukatwa, kuvumilia maji machache na kusimama mbele ya maradhi ulitoka, kwa sehemu kubwa, upande ule uliodharauliwa. Kinachonitia wasiwasi ni kwamba waliotumika kama mababu walikuwa wachache mno. Miwa mingi ya kisasa inarudi kwa idadi ndogo ya mimea ya kiungwana na mimea michache zaidi ya porini, ilhali porini kuna maelfu ambayo hayajawahi kujaribiwa. Mikusanyo mikubwa miwili ya jamaa za muwa inatunzwa India na Florida, na kila shina linalotoweka humo au porini ni jibu la ugonjwa ambao huenda bado haujatufikia.

Majina ya miwa ni herufi na namba tupu. Yana maana?

Yana maana. Herufi hutaja mahali mmea ulipozalishwa na namba huutambulisha kati ya ndugu zake. Co ni Coimbatore, POJ ni kifupi cha kituo cha utafiti cha Java Mashariki kwa Kiholanzi, B ni Barbados, R ni Réunion, Q ni Queensland, N ni Natal, na CP ni Canal Point, kituo cha Marekani kilichoko Florida. NCo ni ya kuvutia zaidi, maana inasimulia safari: mbegu zilipatikana Coimbatore, zikaoteshwa na kuchaguliwa Natal. NCo 310 na NCo 376 zilizaliwa hivyo.

Kwa nini aina mpya ya muwa huchukua miaka kumi na zaidi kumfikia mkulima? Mahindi mapya huonekana karibu kila mwaka.

Ugumu huanza kabla mbegu haijapatikana. Muwa huchanua pale tu urefu wa mchana unapokaribia saa 12 na nusu kisha usiku ukaendelea kurefuka taratibu, na baridi ya usiku huiua chavua hata kama suke limetoka. Vituo vilivyo mbali na ikweta hulazimika kuweka miwa katika vyungu juu ya mikokoteni ya reli, kuiingiza katika vyumba vya giza na kuitoa kwa ratiba kali, ili mmea uamini kwamba uko katika tropiki. Mashina yanapochanua, mtafiti hupima chavua kwa iodini: chembe zilizojaa wanga huwa nyeusi na zina uhai, zisizo na wanga hubaki hafifu. Wenye chavua duni huwekwa kuwa mama, wenye chavua nyingi huwekwa kuwa baba. Mashina hukatwa na kusimamishwa ndani ya maji yenye asidi hafifu yanayoyaweka hai kwa wiki kadhaa, na masuke hufunikwa kwa kitambaa ili chavua ya jirani isiingie, kwa maana chembe moja ya chavua ngeni hubatilisha rekodi yote ya wazazi.

Halafu huanza uchaguzi, nao ndio unaokula miaka. Kituo kikubwa huotesha makumi ya maelfu ya miche kwa mwaka, na kila mche ni mtu wake. Mwaka wa kwanza kuna kichaka kimoja tu cha kila mmoja, kwa hiyo unachoweza kupima ni sura, unene, na kiwango cha sukari kwenye tone la maji ya muwa. Wengi huondolewa hapo. Waliobaki hukatwa pingili na kupandwa mstari mmoja, kisha mistari kadhaa, kisha vipande vya shamba katika maeneo yenye udongo na mvua tofauti, na katika kila hatua idadi ya walio hai hupungua na idadi ya pingili za kila mmoja huongezeka. Muwa si zao la msimu mmoja. Huvunwa, huchipua, huvunwa tena, na aina inayong'ara katika mavuno ya kwanza inaweza kuanguka katika maotea ya tatu, yaani machipuo yanayotoka baada ya kukatwa, kwa hiyo lazima usubiri uone. Ukijumlisha na majaribio ya magonjwa, ambamo miche huambukizwa kwa makusudi fugwe, uozo mwekundu na kutu, unafika miaka 10 hadi 15, na mara nyingi katika kundi zima hubaki mmoja, wawili, au hakuna.

Nawaheshimu sana watu wa kazi hii. Mtafiti anayefanya mchavusho mwishoni mwa maisha yake ya kazi anajua kwamba huenda mwingine ndiye atakayeitoa aina hiyo.

Aina ninayolima ilikuwa nzuri miaka ya nyuma, sasa inatoa mashina membamba. Je, jeni zake zimechoka?

Jeni hazichoki. Pingili unayopanda leo ina urithi ule ule wa pingili ya miaka 20 iliyopita, isipokuwa mabadiliko madogo ya nadra ambayo huonekana, kwa mfano, muwa wa rangi moja unapotoa shina lenye mistari. Kinachochosha shamba kwa kawaida ni maradhi yanayorithishwa na kisu badala ya kurithishwa na mbegu. Mbaya zaidi ni udumavu wa maotea, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza Queensland katika miaka ya 1940, unaosababishwa na bakteria wanaoishi ndani ya mirija ya shina. Nje hauonyeshi dalili bayana. Shina hupungua tu, na mvunaji huusambaza kutoka kichaka hadi kichaka kwa panga lake. Dawa yake ni kulowesha pingili za kupanda katika maji ya nyuzijoto 50 kwa saa mbili, kuzipanda katika kitalu safi, na kusafisha mapanga kwa dawa ya kuua vijidudu. Jaribu hilo kabla hujailaumu aina, kwani inawezekana ukairudisha ilivyokuwa.

Kwa kuwa sasa DNA inasomwa kwa mashine, kwa nini miaka hiyo kumi haijapungua kuwa miwili? Na je, kuna miwa iliyobadilishwa jeni?

DNA ya muwa, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya seli zake, imesomwa kwa kuchelewa kuliko ya mazao mengine makubwa, na sasa mnajua sababu. Kiini kimoja cha muwa wa kisasa kina takriban herufi bilioni 10, wakati kiini cha mwili wa binadamu kina bilioni 6 hivi, na ugumu wenyewe hauko katika wingi huo bali katika kufanana. Mashine husoma vipande vifupi, na kompyuta huviunganisha kwa kutazama mahali vinapolingana. Fikiria vitabu 12 vinavyofanana karibu kila neno vimechanwa na kuchanganywa katika gunia moja, nawe unaambiwa uvirudishe vyote 12 jinsi vilivyokuwa. Mwaka 2018 zilichapishwa kazi mbili muhimu, moja ya nyasi ya porini na nyingine ya R570 kwa muhtasari, ambapo nakala zote zilibanwa kuwa moja. Ni mwaka 2024 tu ambapo R570 ilichapishwa ikiwa na nakala zake zimetenganishwa, zenye herufi bilioni 8.7, kutokana na teknolojia zinazosoma vipande virefu. Kazi hiyo ilifikisha pia watafiti kwenye jeni mbili jirani zinazoelekea kuwa ndizo zinazounda kinga ya Bru1.

Faida kwa mzalishaji ipo tayari. Alama za DNA zilizo karibu na Bru1 humwezesha kukata kipande cha jani la mche na kujua kama umerithi kinga hiyo, bila kungoja kutu ije shambani. Kwa sukari na uzito, ambavyo havina jeni moja ya kuitafuta, hupimwa maelfu ya alama kwa pamoja na kukadiriwa thamani ya mche kwa kulinganisha na ndugu zake waliokwisha kupimwa shambani. Njia hii inaweza kuondoa hatua za mwanzo na kuharakisha uteuzi wa wazazi. Haiwezi kuondoa maotea: hakuna kipimo cha maabara kitakachokuonyesha kichaka kitafanya nini baada ya kukatwa mara nne katika udongo wa chumvi.

Miwa iliyobadilishwa jeni ipo. Indonesia iliidhinisha mwaka 2013 muwa wa kustahimili ukame, na Brazil iliidhinisha mwaka 2017 muwa wenye jeni ya bakteria inayoukinga dhidi ya mdudu atobowaye mashina. Kuongeza jeni moja ngeni si kazi ngumu sana kwa muwa. Kuzima jeni uliyonayo ndiyo kazi, maana ukizima nakala moja, kumi na moja zilizobaki huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Watafiti wa Florida waliotaka kupunguza lignini, kitu kinachokaza kuta za seli za mmea, ili ganda la muwa livunjwe kwa urahisi kuwa mafuta, walilazimika kuhariri zaidi ya nakala 100 za jeni moja kwa mpigo, na walifanikiwa. Ni kazi ninayoiheshimu sana.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha pili. Umesema muwa ni ndugu wa mtama na mahindi. Je, unaweza kuchavushwa na hayo?

Inawezekana, mwanangu, ingawa kwa tabu. Mtu utakayefurahi kusoma habari zake ni E. K. Janaki Ammal, mwanamke wa India aliyezaliwa mwaka 1897, ambaye alifanya kazi Coimbatore katika miaka ya 1930. Aliuchavusha muwa kwa mtama na hata kwa mahindi, akapata machotara na kuzihesabu kromosomu zao moja baada ya nyingine kwa hadubini. Mimea hiyo haikuwa aina za kulimwa, kwani wengi wa machotara ya namna hiyo huwa dhaifu au hawazai. Lakini ilionyesha kwamba milango kati ya jamaa hawa haijafungwa kabisa, na wazalishaji wa leo wanaendelea kuijaribu kwa jamaa wa karibu zaidi, hasa nyasi ziitwazo Erianthus na Miscanthus, wakitafuta mizizi mirefu na uwezo wa kuvumilia baridi. Ukipata hadubini shuleni, omba ncha ya mzizi mchanga wa pingili iliyochipua, ambako seli zinagawanyika kwa wingi, umwombe na mwalimu wako rangi ya kuzitia. Kromosomu zinazoonekana humo ni ndogo na zimesongamana, na usikate tamaa usipofikisha hesabu sahihi siku ya kwanza.